Jirani Kabla ya Nyumba

Mtu wa Lamu au wa Kilwa akiazimia kuhamia Dar es Salaam na watu wake, jambo la kwanza aulizalo ni kodi. Hapana lawama, kwani wenye nyumba wengi wa mji ule hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima ilipwe mbele. La pili huuliza umbali wa kazini, na la tatu msikiti. Akisha kujibiwa humpa dalali ujira wake, akashika ufunguo. Jirani huwajua baada ya kuteremsha mizigo.

Waarabu wana neno mashuhuri, kwamba jirani hutangulia nyumba. Wengi hulidhani kuwa ni hadithi ya Mtume (S.A.W.), nao wajuzi wa hadithi wameona sanadi yake ni dhaifu, lakini maana yake haina ila. Bibi Asiya, mke wa Firauni, alipoomba nyumba ya Peponi alitanguliza kutaja ukaribu na Mola wake, ndipo akataja nyumba.

Lakini jirani huyo ni jirani wa nani? Hapa ndipo wanaume wakosapo. Mume hutoka alfajiri akarudi baada ya Isha, wala mtaa wake haujui ila usiku, milango imekwisha fungwa. Waukaao ni mke, na watoto, na mama mzee aliyeletwa kutibiwa. Katika zile nyumba za Kariakoo na Magomeni, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, wao ndio washirikianao uwa na bomba la maji na wapangaji wengine. Wao ndio wasikiao matusi ya mchana. Mtoto akishikwa na homa, baba yuko kazini, mlango wa kugongwa ni wa jirani. Basi achaguaye siye akaaye, na mwenye kuchagulia wenziwe amebeba amana.

Ama aliyebanwa na dhiki ana hukumu yake. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, watu wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, na wako waliorejea bondeni kwa kuwa kule kulikuwa mbali na riziki zao. Hao si wa kuchekwa. Maneno haya ni ya mwenye njia mbili mbele yake.

Wako wasemao kuwa dawa ni kukaa na watu wa kwao. Ni faraja, hapana shaka. Lakini kutoka kisiwa kimoja si tabia njema, na Qurani imemtaja jirani wa ujamaa na jirani wa mbali, wote wawili wakapewa haki.

Atakaye kuujua mtaa na aende mchana, siku ya kazi. Aswali Adhuhuri katika msikiti wa hapo, kisha akae barazani na wazee asiwe na haraka. Mkewe naye aingie uani, azungumze na wanawake, aone maji yatokako. Akitoka akasema hapana, dalali na atafute nyumba nyingine.