Kulinganisha Si Kupatanisha

Dijei anayeunganisha nyimbo mbili bila kuwapotezea wachezaji hatua hukabiliwa na swali la maadili kabla halijawa la ufundi: ni wimbo upi utakaobadilika ili uafikiane na mwenzake?

Mfano ni wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika na mwingine wenye mapigo 127, yote miwili ikiwa katika ufunguo mmoja. Kwenye mashine ya santuri, kuongeza mwendo ni kuizungusha sahani kwa kasi zaidi, na sauti nayo hupanda. Ongezeko hilo la karibu asilimia 6 huinua kila noti kwa takriban nusu toni. Miguu imepatana, masikio yamefarakana. Aliyesuluhisha ugomvi mmoja amezaa mwingine.

Programu za leo humtua dijei mzigo huo. Hutenganisha mwendo na kimo cha sauti. Huonyesha ufunguo wa kila wimbo kwa namba kati ya 1 na 12 pamoja na herufi A au B, zikiwa zimepangwa mfano wa uso wa saa ili majirani waelewane. Na kwa kitufe kimoja huyalinganisha mapigo. Je, upatanifu usiomgharimu mtu usikivu wake una thamani ileile?

Wapo wasemao kwamba jasho halina sifa yoyote. Hoja yao ina uzito. Mchezaji huucheza muziki, hachezi taabu ya aliyeuandaa. Na anayedai heshima kwa kuwa tu aliteseka kujifunza anadai fidia ya maumivu, wala si heshima ya sanaa.

Hata hivyo, taabu ile ilibeba kitu kingine ndani yake. Frankie Knuckles alipoanza kupiga santuri katika ukumbi wa Warehouse, Chicago, mwaka 1977, rekodi nyingi za disko zilipigiwa ngoma na binadamu, na mwendo wao ulipanda na kushuka kama pumzi. Kwa sahani za namna hiyo, kulinganisha mara moja hakutoshi. Sikio moja hubaki kwenye hedifoni likiufuata wimbo ujao, jingine hubaki ukumbini, na kidole huisukuma sahani au kuizuia kila inapoanza kuteleza. Hapo ndipo ilipo tofauti. Kulinganisha ni tendo la mara moja, linalofanyiwa vitu vilivyokwisha kupimwa. Kupatanisha ni ulinzi usiokoma, kwa kuwa wanaopatanishwa wako hai na hubadilika.

Namba nazo zina mpaka wake. Nyimbo mbili zaweza kuwa majirani kwenye duara la funguo, mmoja ukiomboleza na mwingine ukisherehekea. Duara halitaona kosa, ukumbi utaliona.

Kwa hiyo kitufe chenyewe hakina hatia. Anayekibonyeza ili masikio yake yawe huru kuwasikiliza walio mbele yake amepata msaidizi. Anayekibonyeza ili asisikilize tena amejiondoa kazini, ingawa mikono yake ingali juu ya meza. Kipimo cha haki hakipo kwenye swali la nani aliyelinganisha mapigo, bali kwenye swali la sikio lililopata nafasi: limeitumia kumsikiliza nani?