HATAKI AU HAWEZI?

Kila mwaka, wiki chache kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Januari, wazazi hushughulika na sare, viatu na madaftari. Hayo ni mema na ya lazima. Lakini wako wazazi ambao kwao Januari huja pamoja na hofu isiyoondolewa na kitu cha dukani, kwa kuwa nyumbani mwao yumo mtoto asiyetulia. Mwaka uliopita walimu walianza kumlalamikia tangu wiki ya pili. Kalamu zake hazikai siku mbili. Akitumwa chumvi, hurudi na habari za mbuzi aliyeanguka mtaroni, na chumvi hana. Ameonywa, amenyimwa chakula, amechapwa, naye kila mara amelia na kuahidi kwa moyo wake wote. Na kesho yake ni yale yale. Ndipo mama yake huuliza usiku, wengine wakiwa wamelala: je, mtoto huyu hataki, au hawezi?

Wasomaji wapenzi, swali hilo si la udaktari tu. Ni swali la haki. Maana asiyetaka yampasa aonywe na kuadhibiwa, bali asiyeweza yampasa asaidiwe. Na anayemwadhibu mtu kwa jambo asiloliweza amemdhulumu, hata akiwa baba yake mzazi.

Aristotle alilitafakari jambo hili zaidi ya miaka 2300 iliyopita, alipotenganisha matendo ya hiari na yasiyo ya hiari, akasema kwamba sifa na lawama ni za yale ya hiari. Katika karne yetu iliyopita, mwaka 1902, daktari wa watoto wa Kiingereza, George Still, alitoa mihadhara mbele ya waganga wenzake mjini London juu ya watoto aliowachunguza ambao akili zao zilikuwa nzima, nao walijua lililo jema na lililo baya, lakini hawakuweza kujizuia. Aliuita upungufu wa kujitawala kimaadili. Jina hilo halikudumu, na pengine ni heri, kwa kuwa lanukia lawama. Siku hizi madaktari huitaja hali hiyo kwa herufi nne, ADHD: ni kupungukiwa na uwezo wa kuutuliza usikivu, na mara nyingi kutotulia kwa mwili na kutenda kabla ya kufikiri. Hukadiriwa kwamba watoto wapatao 5 katika kila 100 duniani wanayo. Katika darasa la watoto 60, basi, tutarajie watatu.

Tena si wote warukao. Wako wengine, na hasa wasichana, wakaao kimya nyuma ya darasa wakitazama dirishani. Hao hawamsumbui mtu, kwa hiyo huitwa wazito wa akili na kuachwa. Wala si kila mtundu ni mgonjwa. Madaktari hutaka dalili ziwe zimeanza kabla ya mtoto kutimiza miaka 12, zionekane mahali zaidi ya pamoja, na zidumu miezi sita au zaidi. Mtoto asumbuaye kwa mwalimu mmoja tu, labda tumtazame kwanza mwalimu huyo.

Sasa twaja kwenye ugumu wenyewe. Tumweke mtoto wa mfano, mwenye umri wa miaka tisa, katika Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wilaya ya Mkoani, mahali pa wavuvi na mikoko, panapofikiwa kwa chombo kutoka Chokocho. Tumepachagua makusudi kwa sababu ni mbali na mabingwa, na kwa sababu huko mtoto aweza kuonekana akiwa katika kazi mbili zisizofanana. Maji yakipwa, mtoto huyu huenda mikokoni kutafuta kaa. Akilipata tundu, huinama juu yake kama jiwe. Hatikisiki, hasemi, hata kaa atoke. Baba yake amemwona, naye amesema moyoni, “Kumbe aweza kutulia!” Lakini asubuhi, skulini, haipiti robo saa kabla hajawa chini ya dawati la mwenzake. Baba afanye shauri gani? Atasema: penye kaa ametaka, penye hesabu hakutaka. Huu ni ukaidi.

Hapo ndipo hukumu ya baba inapopotoka, ingawa macho yake yameona kweli. Usikivu wa mtoto huyu haukukosekana. Tanga lipo na upepo upo, ila usukani umelegea. Hauendi anakoamriwa, hata anapojiamuru yeye mwenyewe. Waenda kwenye kilicho kipya, kilicho karibu, na kilipacho papo hapo. Kaa hulipa papo hapo. Jedwali la kuzidisha hulipa baada ya miaka, na kwa mtoto wa namna hii miaka ni kama haipo. Wala tusidhani kwamba baharini hali hii humwacha, kwani akipewa kazi ya kukumba maji chomboni, ataisahau katikati kwa sababu ameona samaki.

Basi alama ya hali hii ni kwamba jana aliweza. Jana aliandika ukurasa mzima kwa mwandiko safi, leo mistari miwili iliyopinda. Kiwete huonekana kiwete kila siku, wala hakuna amwitaye mvivu. Lakini huyu, ambaye uwezo wake huja na kuondoka, kila afanyapo vizuri ajiwekea ushahidi wa kumhukumu kesho. Twaona hili ndilo dhuluma kubwa kuliko fimbo yenyewe, na hufanywa na watu wema kila siku. Mtoto naye hulisadiki. Akifika miaka kumi na minne atakuwa amekwisha kukata shauri kwamba yeye ni mbaya, na mtu aliyekwisha kujihesabu hivyo hana sababu ya kujitahidi.

Msomaji mmoja atasema: mnawapa watoto kisingizio. Neno hili si la kudharauliwa. Mtoto aambiwaye “huwezi” mara mia, ataacha kujaribu hata aliloliweza. Lakini sisi hatusemi kwamba asiamriwe. Twasema aamriwe kwa namna anayoweza kuitii. Ukimwambia, “Oga, vaa, chukua mkoba, mpelekee bibi yako sahani hii, kisha uende,” umemtega, maana la tatu litakuwa limepotea kabla hajagusa maji. Mwambie aoge, ukimtazama usoni. Akiisha, mwambie la pili. Akikosea, adhabu iwe ndogo na ije mara moja, kisha iishe. Akifanya vema asifiwe papo hapo, naam, hata kwa jambo ambalo ndugu zake hufanya bila kusifiwa. Na ndugu wakinung'unika, waelezwe. Yule aliyepungukiwa na usukani wa ndani awekewe mkono wa nje mpaka atakapokomaa. Huo ni wajibu, si upole wa ziada.

Na fimbo je? Upande wa Bara, kanuni za mwaka 2002 zaruhusu viboko shuleni kwa makosa mazito tu, visizidi vinne, kwa mkono wa mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa naye ruhusa ya maandishi. Huko Zanzibar Wizara ya Elimu imehimiza walimu kutumia adhabu mbadala. Je, kusimama bila ruhusa ni kosa zito? Kupoteza kalamu? Fimbo huweza kumfundisha mtoto asilolijua, wasema wenye kuitetea. Haya, na tuwakubalie kwa dakika moja. Mtoto huyu alijua tangu zamani kwamba yampasa kukaa. (Kwa habari ya kufinyana kanisani wakati wa mahubiri, twawaomba akina mama wawaketishe karibu na mlango na kuwatoa nje kidogo, mahubiri marefu huwashinda hata watu wazima.)

Maandalizi ya Januari yaanze wiki mbili kabla. Mtoto alazwe na kuamshwa kwa saa za shule, kwa maana usingizi haba huongeza hali yenyewe. Mkoba ufungwe usiku na uwekwe mahali pamoja tu, karibu na mlango, kila siku. Apelekwe kuliona darasa lake likiwa tupu, ajue atakapoketi. Yafaa pia akapimwe macho na masikio katika kituo cha afya, na huko Pemba wafike hata Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, ikihitajiwa. Kwa kuwa mtoto asiyesikia vizuri, au mwenye kifafa cha kuzubaa kwa nukta chache, hufanana sana na huyu. Wako watakaosema amerogwa au ana pepo, na fedha ya viatu itaishia kwa mganga. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya hali hii hurithiwa. Baba amchapaye kwa kutotulia amwulize mama yake mwenyewe alivyokuwa utotoni. Majibu mengine huchekesha.

Dawa zipo. Iliyo mashuhuri, methilifenideti, ilitengenezwa kwanza mwaka 1944, nayo hupunguza dalili kwa wengi chini ya uangalizi wa daktari. Lakini mwaka 2019, na tena mwaka 2021, ilikataliwa kuingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwetu haipatikani kwa urahisi. Kwa familia nyingi, basi, msaada uliopo ni mzazi na mwalimu.

Mwalimu mwenye watoto 60 naye asidhulumiwe. Hawezi kumshika mkono mmoja siku nzima. Mama asiende kwake kushitaki wala kuomba radhi, bali aende kabla ya siku ya kwanza na kusema kwa ufupi: “Maalim, mwanangu husahau haraka na miguu yake haitulii. Si kwa jeuri. Nakuomba umweke mbele, mbali na dirisha, na ukihitaji wa kufuta ubao au kuleta chaki, umtume yeye.” Hayo hayagharimu kitu, na kutumwa humpa mwili wake ruhusa ya kutembea bila kosa. Kisha waagane siku ya kuonana tena, baada ya wiki tatu, wala wasingoje matokeo ya mtihani. Na siku hiyo mwalimu aulizwe kwanza ni saa ngapi za mchana, na katika somo lipi, mtoto alitulia.