Silaha Isiyoua

Katika nchi nyingine polisi hupewa bunduki ya umeme, ya kumwangusha mtu bila kumwua. Je, tuifurahie habari hiyo? Sisi wa Iringa twakumbuka Nyololo, Mufindi, Septemba 2, 2012. Bomu la machozi nalo halikutengenezwa kuua. Hufyatuliwa kwa mbali, moshi utawanye watu. Lilipofyatuliwa karibu kabisa na mwili wa Daudi Mwangosi, mwandishi wa habari, lilimwua. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Maneno hayo ya mwisho yatusumbua. Aambiwaye kwamba silaha yake haiui, atapima umbali? Nasi walimu wa zamani twaijua hali hiyo: fimbo, kwa kuwa haiui, tuliiinua upesi mno.