Je, Ni Dhambi Kuchungulia Nyota?

Vijana wetu hapa Rutshuru wametuuliza neno, nasi hatutaki kulijibu kwa haraka. Walisikia ya kwamba kule Kenya, tangu mwaka 2014, Susan Murabana na Daniel Owen wanazunguka na darubini mashuleni na vijijini. Watu wanapanga mstari gizani, mzee nyuma ya mtoto, kila mmoja anachungulia kwa zamu yake. Kama nasi tungefanya hivyo uwanjani, tungekosa?

Wazazi wengine walijibu upesi: huo ni uganga. Tunawaelewa. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza ramli, na Isaya 47 inawacheka wanaosoma nyota. Lakini mpiga ramli anaiuliza nyota habari zake mwenyewe: nitapata mali? Nani ameniloga? Mwenye darubini haulizi hivyo. Anaona Mshtarii na miezi yake minne, ile ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, naye harudi nyumbani na jina la adui. Ni watoto wangapi katika Kongo yetu wamefukuzwa nyumbani kwa neno la ulozi! Neno hilo halikutoka kwenye darubini. Tuseme ukweli, mara nyingine lilitoka mdomoni mwa watu wa maombi.

Linalotulemea zaidi ni lingine. Sisi tunakaa karibu na ikweta. Kwa mwaka mmoja, karibu nyota zote za kaskazini na za kusini zinapita juu yetu. Nani anazitazama? Usiku wetu ni wa kufunga mlango. Tukiinua macho, ni kuangalia wekundu wa milima ya moto. Mwaka 2022, vita vilipofika hapa, wengi walikimbilia Kanyaruchinya na kulala nje. Mama mmoja alituambia mbingu zilikuwa wazi usiku ule, naye alikasirika kuona nyota zinang'aa vizuri hivyo juu ya watoto wenye njaa. Hatukumkemea. Ayubu alisema makali zaidi.

Basi vijana, hamjakosa kuuliza. Ila msikusanye watu usiku mpaka kila mtu aweze kurudi kwake bila hofu. Kwa sasa tazameni uani, kwa macho matupu, pamoja na wadogo zenu. Na siku darubini itakapofika, yule mama awe wa kwanza kwenye mstari, akipenda.