Kumpima Mtoto Damu: Subira ni ya Nani?

Tumeletewa suala na mtu na mkewe wakaao Muhoroni, mji wa mashamba ya miwa katika bonde la Nyando, kwenye njia ya reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Mume asili yake ni Mombasa. Mke ni Muislamu mzaliwa wa huko Ziwani. Mwenyezi Mungu amewaruzuku watoto watatu. Wa kwanza alifariki akiwa na umri wa miaka miwili, kwa homa na kupungukiwa na damu. Wa pili ni mwanamume wa miaka sita: alipokuwa mchanga mikono na miguu ilimvimba, macho yake huwa ya manjano mara kwa mara, na kila uingiapo msimu wa mvua na baridi hulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Wa tatu ni binti wa miezi minne, mzima wa afya, hana alama yoyote. Kwa miaka yote hii kijana ametibiwa malaria, akatibiwa baridi yabisi, akanyweshwa kombe, akafungwa hirizi, akachanjwa chale magotini. Sasa tabibu amewaambia wawapeleke watoto wote wawili Kisumu wakapimwe damu, kwani adhani ni ugonjwa wa selimundu. Mke ataka waende. Mume asita, na hoja zake ameziandika kwa adabu na kwa elimu. Ndizo zilizotufanya tuliandikie jambo hili ukurasa mzima badala ya kulijibu kwa mistari miwili.

Asema kwanza kwamba ugonjwa huu, kwa alivyosikia, hauna dawa ya kuuondoa. Basi kulijua jina lake kwaongeza nini ila huzuni? Pili, kwamba muumini humtegemea Mola wake, na Bwana Mtume (S.A.W.) ametupa khabari ya watu watakaoingia Peponi bila ya hisabu, na sifa yao ni kutegemea. Hoja ya tatu ameiandika mwisho kabisa kwa maneno machache, nasi twadhani ndiyo nzito kuliko zote: mama yake aliyeko Mombasa amesema kuwa ukoo wao haukupata kuwa na maradhi kama haya, na kwamba yametoka kwa mke.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana mtu hawezi kuhukumu asilolifahamu. Chembe nyekundu za damu kwa desturi ni za mviringo, laini, zapita katika mishipa myembamba bila ya kukwama. Kwa mwenye ugonjwa huu hujipinda mfano wa mundu wa kuvunia, zikawa ngumu, zikaziba njia. Na pale palipozibwa ndipo panapouma. Tena hazidumu. Chembe ya mtu mzima wa afya huishi siku kama 120, na hizi huvunjika katika siku 10 hadi 20, ndiyo sababu ya damu kupungua na macho kuwa manjano. Bandama, ambayo ni mlinzi mkubwa wa mtoto dhidi ya vijidudu, huharibika mapema. Basi homa ambayo mwenziwe angelala nayo siku mbili akaamka, yeye yaweza kumwua kwa usiku mmoja.

Mtoto hazaliwi na ugonjwa huu ila awe amerithi sehemu moja kwa baba na sehemu ya pili kwa mama. Aliyerithi sehemu moja tu haumwi. Huishi maisha yake yote wala hajui kuwa anabeba kitu. Wakioana wawili wenye kubeba, kila mimba huwa ni kura mpya: fungu moja katika manne mtoto awe mgonjwa, mafungu mawili awe mbebaji kama wazazi wake, na fungu moja awe hana kabisa. Kwa hiyo, tabibu akiwa amekisia sawa, maneno ya mama mkwe yameanguka yenyewe. Kuwa ukoo haukupata kuona mgonjwa si hoja, kwani kitu chaweza kupita katika vizazi vingi kikiwa kimelala, mpaka kikutane na mwenziwe.

Na ndugu zetu wa Pwani wasijidanganye kuwa haya ni maradhi ya watu wa Ziwani. Mwaka 1954 tabibu Anthony Allison, Muingereza aliyekulia Kenya, alieleza aliyoyaona katika damu za watu wa nchi hii: wanaobeba selimundu ni wengi kando ya Ziwa Victoria, na ni wengi vile vile Pwani, walakini nyanda za juu zenye baridi ni haba mno. Sababu yake ni malaria. Aliyerithi sehemu moja tu hupata kinga kubwa asiuawe na malaria, na kwa hiyo palipo na mbu wengi ndipo wabebaji waliposalia wengi. Mombasa na Muhoroni katika jambo hili ni ndugu. Hata ng'ambo, katika nchi za Ghuba, ugonjwa huu unajulikana sana. Saudi Arabia tangu mwaka 2004 imewalazimu wachumba kupimwa kabla ya kufunga ndoa, kisha khiari ya kuoana au kuacha wameachiwa wenyewe. Basi ni aibu gani hii inayotufanya sisi tunong'one?

Twajua kwamba wako waume wanaokhofia jambo jengine, wasiloliandika katika barua: kwamba vipimo vitaleta maneno ya nasaba. Jawabu ni fupi. Nasaba katika sharia imefungwa kwa ndoa. Mtoto ni wa kitanda alichozaliwa. Kipimo hiki hakikuwekwa kwa kazi hiyo, na mwenye kukichukua akakifanya silaha ya kumtuhumu mkewe ameingia katika dhambi ambayo Kurani imeiwekea adhabu ya viboko themanini.

Sasa hoja ya kwanza, kwamba kujua hakuna faida. Lau ndivyo ilivyo, tungesita pamoja naye. Lakini sivyo. Mwaka 1986 waganga wa Marekani walitoa matokeo ya kuwapa watoto wadogo wenye ugonjwa huu penisilini mara mbili kila siku, wakaona maambukizo makali ya damu yamepungua kwa zaidi ya sehemu nne katika tano, hata wakausimamisha uchunguzi kabla ya wakati wake kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wale wengine. Penisilini si dawa ya matajiri. Mwaka 2019 yakatangazwa matokeo mengine, safari hii kwa watoto wa Afrika yenyewe, wa Angola, Kongo, Uganda, na wa kwetu hapa Kilifi: waliopewa dawa iitwayo haidroksiyurea walipungukiwa na maumivu, wakapungukiwa na haja ya kutiwa damu, wakaugua malaria mara chache zaidi, na vifo vikapungua. Ongeza juu ya hayo chandarua, dawa ya kuzuia malaria, chanjo, maji mengi ya kunywa, na wazazi wanaojua kwamba homa ya mtoto huyu si ya kungojea asubuhi. Na upande wa pili wa mizani inakisiwa kuwa katika Afrika nusu ya watoto hawa au zaidi, wasipogunduliwa wala kuhudumiwa, hawatimizi miaka mitano. Ugonjwa kutoondoka ni jambo moja, na mtoto kuondoka ni jambo jengine.

Twaja kwenye hoja ya pili, na hapo ndipo penye kiini cha suala lote.

Hatutaki kumjibu ndugu yetu kwa kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) na tauni ya Sham, alipoambiwa kuwa anaikimbia kadari naye akajibu kuwa aikimbia kadari kuiendea kadari, kisa hicho anakijua, na pengine amekisomesha. Twamuuliza suala jengine: ile subira anayoisifu, mwenyewe ni nani? Ibn Abbas (R.A.) amesimulia khabari ya mwanamke mmoja aliyekuwa na kifafa. Alimwendea Bwana Mtume (S.A.W.) ataka aombewe, naye akampa khiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Mwanamke akachagua kusubiri, akaomba tu kwamba asifunukwe nguo anapoanguka. Wengi wameitaja khabari hii kuwa ni dalili ya kuacha dawa. Ni kweli. Lakini tazama ni nani aliyeulizwa na ni nani aliyejibu. Mwili ulikuwa wake, maumivu yake, akili yake timamu, na malipo yakawa yake.

Linganisha na khabari ya Ummu Qays binti Mihsan, aliyekwenda na mwanawe mdogo ambaye alikuwa amembonyeza kooni kwa kumtibu kimeo. Je, Bwana Mtume alimwambia mama yule asubiri? Hakumwambia. Alikataza kuwaumiza watoto kwa tiba ya namna ile, akawaelekeza kwenye dawa iliyo bora zaidi, udi wa Kihindi. Mgonjwa alipokuwa mtoto, hapakuwa na mazungumzo ya khiari ya kusubiri. Palikuwa na lawama juu ya maumivu yasiyo na maana, na maelekezo ya tiba.

Fukaha wamekubaliana kuwa msimamizi wa yatima hana ruhusa ya kutoa sadaka katika mali ya yatima, ijapokuwa sadaka ni ibada tukufu. Atakaye kutoa na atoe katika yake. Nasi twaona afya ya mtoto ni mali iliyo chini ya usimamizi kuliko dinari na dirhamu. Baba asemaye, "Mimi nimesubiri," ilhali mifupa inayouma si yake, ametoa sadaka katika mali ya mwengine. Wanazuoni wengi wamesema kwamba mtu kujitibu ni sunna, si faradhi, na twayaheshimu maneno hayo. Lakini wamesema hivyo kwa mtu na nafsi yake. Palipo na mtoto asiyeweza kujisemea, na madhara yanayotarajiwa kwa nguvu, na tiba inayojulikana kwa nguvu, sisi twaona jambo hilo limetoka katika sunna likaukaribia wajibu, kama halikuufikia.

Na tuseme jambo moja bila ya kumvunjia mtu heshima. Mwenye kusema amemtegemea Mungu hata hataki sindano moja, kisha ndani ya nyumba yake mtoto amefungwa hirizi na kuchanjwa kwa wembe, kutegemea kwake kuna mashaka. Wale wa bila hisabu wamesifiwa, miongoni mwa sifa zao, kwamba hawatafuti kuzinguliwa. Ikiwa amekusudia kushika khabari ile, basi na aishike yote.

Yabaki suala la binti mchanga, nalo ni gumu kuliko la nduguye, maana kumpima aliye mzima ni kuutafuta ugonjwa pasipo na kilio. Ifahamike kwamba katika miezi ya mwanzo mtoto bado ana damu ya namna ile aliyokuwa nayo tumboni mwa mamake, nayo humlinda. Dalili huanza kadiri inavyopungua. Uzima wa miezi minne, basi, si ushahidi. Tena nyumba hii imekwisha kuzika mmoja. Binti huyu akiwa anao, wakati wa kumwanzisha penisilini ni sasa, kabla ya homa ya kwanza. Kwa hiyo twaona apimwe, na wazazi waombe kipimo kile cha kuichambua damu kwa umeme au kinacholingana nacho, kwani kile chepesi cha kuchanganya tone la damu na maji ya dawa huweza kudanganya kwa mtoto aliye chini ya miezi sita.

Akionekana kuwa ni mbebaji tu, hapo tuna neno la tahadhari. Khabari hiyo si ya majirani wala ya mashangazi. Haihitaji dawa, wala haimpunguzii kitu. Itamfaa yeye mwenyewe siku atakapoposwa. Basi iwekwe kama amana, akabidhiwe akipata akili. Tumewaona watu wanaoweza kulihifadhi deni la miaka ishirini lakini siri ya mtoto wa kike hawaiwezi hata wiki moja. Na lau pasingekuwa na mgonjwa wala dalili nyumbani, kumpima mtoto mkubwa aliye mzima kwa kutaka kujua tu, tusingeona haraka. Angoje achague mwenyewe.

Mke ameongeza maneno yake chini ya barua ya mumewe. Auliza: ikithibitika, je, yule wa kwanza tulimwua sisi? La, mama. Mtu hahesabiwi kwa elimu ambayo haikumfikia. Mlimpeleka kwa waliosema malaria, mkampa dawa ya malaria, nanyi mlifanya kwa kadiri ya mlichokijua. Twasikitika kwamba jibu la kijana huyu huenda likawafungulia tena kaburi la yule, na hatuna la kuwaambia litakaloliepusha hilo.

Waliobaki kuambiwa ni walimu wa vyuo na wazee wa nyumba, maana wao hawatoi damu lakini jibu la kipimo lawahusu. Mtoto mwenye ugonjwa huu hunywa maji mengi na mkojo humjia mara nyingi. Akiomba ruhusa ya kutoka katikati ya somo asihesabiwe mtoro. Siku aumwapo na kukosa chuo, asipokewe kesho yake kwa bakora. Baridi humwamshia maumivu, basi maji ya udhu wa alfajiri apashiwe moto. Wazazi wengi huwazoeza watoto funga wakiwa na miaka saba au minane, na ni jambo jema; lakini huyu kukosa maji kutwa nzima, na khasa katika joto la bonde lile, kwaweza kumlaza hospitali. Hata akibaleghe, ruhusa ya mgonjwa ni yake kwa kauli ya tabibu mwaminifu, akilipa siku nyengine akiweza au akitoa fidia asipoweza, na hatakuwa na haja ya kujieleza kwa jirani amwonaye ameshika kikombe cha maji mchana wa Ramadhani.