Je, Kumpima Mjamzito ni Kukosa Tawakali?



Twasikia baadhi ya waume wa Wema na Garsen wakisema: "Mke wangu hana maumivu, kwa nini aende hospitali kutafuta maradhi? Aliloandika Mwenyezi Mungu ndilo litakalokuwa."

Maneno haya yana sura ya imani, lakini yatazameni vyema. Kisukari cha mimba aghalabu huja pasi na dalili. Kondo la nyuma hutoa vichocheo vinavyopunguza nguvu ya insulini, na sukari ikazidi damuni ilhali mama ajiona mzima. Sukari hiyo humfikia mtoto, akanenepa kupita kiasi, na uzazi ukawa mzito. Basi "sioni kitu" si hoja.

Kipimo chake ni baina ya wiki ya 24 na ya 28. Mama hulala bila kula. Asubuhi hupimwa damu, hunywa gramu 75 za glukosi, kisha hupimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Wengi wanaoonekana nacho hutosheka kwa kupanga chakula na kutembea. Wengine huhitaji dawa.

Sasa twauliza: asiyejua hulaumiwa? Kipofu akitumbukia shimoni ana udhuru. Mwenye macho aliyeyafumba hana. Mtume (s.a.w.) amepokewa kuwa alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake, ndipo ategemee. Ikiwa ngamia hufungwa, seuze amana iliyo tumboni?

Wala lawama tusimtwike mama. Sharia imemruhusu mjamzito mwenye kuchelea nafsi yake au mtoto wake kuahirisha saumu ya Ramadhani. Itakuwaje mume amnyime nauli ya kwenda kupimwa? Mwenye kushika kibindo ndiye atakayeulizwa.

Aliye fukara, au aliyezibiwa njia na mafuriko ya Mto Tana, ana udhuru. Lakini udhuru wake ni deni letu sote. Imam Ghazali aliihesabu elimu ya tiba katika fardhi za kifaya, na fardhi hiyo ikiachwa na wote, wote hupata dhambi. Basi jamaa wanaochangia mikeka ya msikiti wasishindwe kuchangia safari ya mjamzito mmoja.