MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Masomo: Ruthu 1:15-18, Ruthu 4:9-17, Matendo ya Mitume 6:1-7

 

Katika toleo hili tumeona vema kusema na familia zilizo na watu wao Marekani. Hapa Nyarugusu ni vigumu kupata ukoo wa Kikongo usio na kaka, binti au shemeji kule. Na wengi wao walipelekwa majimbo ya Kusini: Texas, Kentucky, Georgia, Tennessee, Carolina ya Kaskazini. Wakipiga simu, wanatuletea maneno mawili. La kwanza ni hofu ya wazazi: watoto wetu watapotea kule, watasahau kwao. La pili ni malalamiko ya wenyeji wa kule: wageni wamekuwa wengi, mji si wetu tena. Ukiyasikiliza vizuri maneno haya mawili, utaona ni kilio kimoja. Kila upande unaogopa kupoteza kile ulichoachiwa na baba zake. Basi tutazame Neno la Mungu linasema nini.

1. NYUMBA ILE IMEJENGWA NA WENGI

Watu wa Kusini mwa Marekani wanajihesabu kuwa watu wa namna yao. Kati ya mwaka 1860 na 1861 majimbo yao mengi yalijitenga na mengine ili kulinda utumwa, na vita vikaendelea mpaka 1865. Wana lafudhi yao, vyakula vyao, heshima yao ya kusalimia, na makanisa yao mengi, hasa ya Kibaptisti. Mtu akitoka Kaskazini ya nchi hiyohiyo, wanamwona mgeni.

Lakini ni nani aliyekuwa wa kwanza pale? Mwaka 1838 taifa la Wacherokee liliondolewa kwa nguvu ya jeshi katika ardhi yake, huko Georgia na majimbo ya jirani. Walilazimishwa kusafiri kwenda magharibi, na maelfu wakafa njiani. Sisi tuliotembea na mizigo kichwani hadi ufukwe wa Ziwa Tanganyika hatuhitaji kuelezwa safari hiyo ilikuwaje.

Tena yapo mengine ambayo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Watu wa kutoka upande wa Kongo walifika Kusini zamani sana, wamefungwa minyororo. Mwaka 1739 watumwa waliinuka kudai uhuru karibu na mto Stono, Carolina ya Kusini, na wanahistoria wanaona kwamba viongozi wao walitoka katika ufalme wa Kongo, ambao mfalme wake alibatizwa mwaka 1491. Walikuwa watu waliolijua jina la Yesu kabla ya kupakiwa merikebuni.

Na watu hao waliacha alama. Mpaka leo wazee wa Kusini huita karanga "goober", nalo ni neno "nguba" la Kikongo. Mchuzi wao maarufu wa Louisiana unaitwa "gumbo", jina la bamia katika lugha za Angola, lile ambalo sisi katika Kifaransa cha kwetu tunasema gombo. Katika mji wa New Orleans kuna uwanja unaoitwa Congo Square, ambako watumwa walikusanyika siku za Jumapili kupiga ngoma na kucheza. Kwa hiyo mama wa Kikongo anayepika bamia leo huko Louisville si wa kwanza kuleta harufu hiyo. Dada zake walimtangulia, nao hawakuulizwa kama wanataka kwenda.

Tunasema haya ili ijulikane kwamba ule utamaduni ambao wenyeji wanaulinda leo, wageni waliusaidia kuujenga. Wengine walikuja kwa hiari, wengine kwa mnyororo, na wengine walifukuzwa ili kuwapisha.

2. TUSIDHARAU MACHOZI YA MWENYEJI

Pamoja na hayo, tusiwacheke wanaolalamika. Wanachokipoteza ni cha kweli. Mwaka 2023 wataalamu wa lugha wa Georgia walitoa utafiti kuhusu usemi wa wazungu wa jimbo hilo. Waliona kwamba lafudhi ya Kusini ilikuwa na nguvu zaidi kwa waliozaliwa miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kisha ikashuka ghafla kwa waliozaliwa kuanzia 1965. Maana yake ni kwamba babu na mjukuu wanakaa meza moja, lakini hawasemi kwa sauti moja. Sababu kubwa haikuwa sisi wakimbizi. Ni watu wa majimbo mengine ya Marekani waliohamia Kusini kwa mamilioni wakifuata kazi, baada ya viwanda na makampuni kufunguliwa na viyoyozi kuingia majumbani. Mgeni aliyeleta mabadiliko makubwa alifanana nao kwa rangi, na alikuja na gari na samani zake. Lakini mkimbizi ndiye anayeonekana upesi, kwa hiyo lawama humwangukia yeye.

Hata hivyo, mzee anayesikia mjukuu wake akisema kama mtu wa televisheni anaumia. Nasi tunajua uchungu huo. Ni mama gani hapa kambini asiyehuzunika mtoto wake anapomjibu Kiswahili kila anapomsemesha Kibembe au Kifuliiru?

3. MIJI MIWILI YA KUTUFUNDISHA

Karibu na Atlanta upo mji mdogo unaoitwa Clarkston. Ulikuwa mji wa reli, wa watu waliojuana. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 mashirika yalianza kupeleka wakimbizi pale, kwa sababu kulikuwa na nyumba za kupanga na usafiri wa kwenda kazini. Wakaja Wavietnamu, Wabosnia, Wasomali, Wasudani, Wakongo, Waburundi. Mwaka 2006 meya wa wakati ule alikataza mpira wa miguu katika uwanja wa mji, akitaka ubaki wa besiboli. Vijana wakimbizi walikuwa na timu yao, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Luma Mufleh, mwanamke aliyetoka Jordan. Habari ilipofika magazetini, nchi nzima iliijua. Uwanja wa mpira ulikuwa umegeuka swali la mji ni wa nani.

Katika mji huohuo lilikuwapo kanisa la Kibaptisti lililoanzishwa mwaka 1883. Waumini wake walikuwa wanapungua mwaka hata mwaka, kwa kuwa wazungu wengi walihama. Waliobaki walikuwa na njia mbili: kufunga milango polepole, au kuwafungulia majirani wapya. Mwaka 2004 walibadili hata jina la kanisa, likaitwa kanisa la kimataifa. Wapo waliokasirika wakaondoka. Waliobaki walianza kuabudu na mataifa. Tukumbuke gharama waliyolipa: waliacha jina la baba zao na nyimbo walizozoea. Mkongo anayeingia katika kanisa kama hilo na kudai kila kitu kifanywe kama Fizi au Uvira hajajua alichopewa.

Mfano wa pili ni wa wavuvi. Baada ya Saigon kuanguka mwaka 1975, Wavietnamu wengi walipelekwa pwani ya Texas na Louisiana, wakaanza kuvua kamba na kaa. Wavuvi wenyeji waliona riziki yao inaliwa. Mwaka 1979, katika kijiji cha Seadrift, ugomvi juu ya mitego ya kaa ulimalizika kwa mvuvi mwenyeji kuuawa kwa risasi, na mashua za Wavietnamu zikachomwa moto. Kundi la Ku Klux Klan likaingia kuwatisha wageni. Mwaka 1981 jaji mmoja, Gabrielle McDonald, mwanamke mweusi, akaamuru vitisho hivyo vikome. Tazameni njia za Mungu: binti wa watu walioletwa kwa minyororo ndiye aliyewalinda walioletwa na vita.

Kisha ikaja tufani ya Katrina, Agosti 2005, ikaizamisha New Orleans. Wavietnamu wa parokia ya Mary Queen of Vietnam, mashariki ya mji ule, walikuwa kati ya watu wa mwanzo kurudi na kujenga upya. Na mwaka 2006, jalala la takataka za tufani lilipofunguliwa karibu na makazi yao, walisimama pamoja na majirani zao weusi wakalipinga mpaka likafungwa. Waliokuja juzi wakawa walinzi wa mji. Hapo ndipo ile methali ya wazee inapotimia: mgeni njoo, mwenyeji apone.

4. RUTHU HAKUFICHA MOABU

Sasa tumtazame Ruthu. Alipomwambia Naomi kwamba watu wake watakuwa watu wake na Mungu wake atakuwa Mungu wake, alijifunga kwa kiapo kikubwa. Lakini angalieni jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Hata baada ya kiapo hicho, Maandiko yanaendelea kumwita Ruthu Mmoabi. Anapokwenda kuokota masazo ni Mmoabi. Boazi anapomtwaa mbele ya wazee langoni, anamtaja kuwa Mmoabi. Hakuna aliyefuta asili yake, wala yeye hakuificha. Alijifunza sheria ya Bethlehemu ya kuokota masazo, alifuata mashauri ya mama mkwe wake, akafanya kazi tangu asubuhi. Watu waliona tabia yake kwanza, ndipo wakamkubali.

Je, Bethlehemu ilibadilika kwa kuja kwake? Ilibadilika sana! Alimzaa Obedi, babu yake Daudi, na katika ukoo huo akazaliwa Bwana wetu. Wala Bethlehemu haikupotea. Na Naomi, mwenyeji aliyerudi kwao mikono mitupu na moyo wenye uchungu, alipewa mtoto wa kumpakata. Wanawake wa mji wakamwambia kwamba mkwe huyu ni bora kwake kuliko wana saba. Mgeni alikuja, mwenyeji akapona.

Basi tusijiulize tu kama wageni watabadilisha nyumba. Watabadilisha, wapende wasipende. Tujiulize kama mgeni anampenda Naomi.

5. HATA HAPA SISI NI WENYEJI

Ndugu, msidhani somo hili ni la Marekani tu. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili yetu Wakongo. Mwaka 2015 ndugu Warundi waliingia kwa makumi elfu, na madarasa na makanisa yakawa mahali pa kulala. Wapo kati yetu walionung'unika: maji yamepungua, foleni ya mgao imekuwa ndefu, Kirundi kimejaa sokoni. Ni maneno yaleyale ya Clarkston! Mtu aliyefika kambini na turubai moja tu alijiita mwenye mji.

Kanisa la kwanza nalo lilipatwa na jambo hilo. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, watu wa kutoka ng'ambo, walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na wenyeji ndio waliohudumiwa. Mitume hawakuwaambia wageni wanyamaze. Walichaguliwa watu saba, na majina yao yote ni ya Kiyunani. Kanisa liliweka meza mikononi mwa wale waliokuwa wakilalamika. Na Luka anatuambia kwamba baada ya hapo Neno likaenea. Tusisahau pia kwamba kwa Waha wa Kasulu, sisi sote ni wageni tunaotumia maji yao na kuni zao.

6. MASHAURI YETU

Kwa walioko Kusini mwa Marekani:

Kwanza, msalimieni jirani mzee. Kule nako watu huheshimu salamu. Mwulizeni mji ulikuwaje zamani, mpikieni sombe, naye awaonjeshe mkate wake wa mahindi.

Pili, jifunzeni nyimbo za kanisa lililowapokea kabla ya kuomba zenu ziimbwe.

Tatu, semeni lugha ya nyumbani ndani ya nyumba. Mtoto anayejua yeye ni nani haogopi kumpenda mtu mwingine. Anayepotea upesi ni yule asiyepewa kitu cha kushika.

Nne, mkitukanwa, msilipize, wala msifanye wenyeji wote kuwa mtu mmoja.

Kwa ninyi mliopimwa afya, mkauza hata vyombo, kisha mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi ukasimamishwa Januari 2025: tunajua usiku wenu. Hatuna ahadi ya tarehe ya kuwapa. Lakini nabii Yeremia aliwaandikia watu waliotamani kuwa mahali pengine, akawaagiza wautafutie amani mji ule walioko, na kuuombea. Moyo wa Ruthu haungoji ndege. Unaweza kuanza kesho asubuhi, kwenye bomba la maji, kwa mama wa Kirundi aliyesimama nyuma yako.

TUOMBE

Bwana Yesu, uliyekimbiziwa Misri ungali mtoto, walinde watoto wetu walio mbali wasijisahau. Wafariji wenyeji wanaoona miji yao ikibadilika. Tuondolee kiburi cha mgeni na wivu wa mwenyeji, maana sisi tu vyote viwili. Amina.

Ni sisi watumishi wenu katika Bwana.